Baba Mkwe Anampelekea Wifi Mapendekezo Yangu

Shangazi Chiu mpendwa,

Naomba unifungulie kichwa, maana mume wangu nimemuuliza akanipa majibu mawili yanayopingana kwa siku moja, mama yangu mzazi siwezi kumuuliza kwa sababu naye yumo ndani ya tatizo hilihili, na wenzangu wa dukani nikiwaambia basi mji mzima wa Lukang utakuwa umejua kabla hatujafunga. Mimi ni mkamwana wa nyumba moja nyuma ya soko la zamani, nafanya kazi kwenye duka la miwani, naishi na mume wangu Wen-pin pamoja na baba yake, mzee Shih, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi. Sina ugomvi na mzee. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua barua za wakwe zinavyosomwa, watu wanarukia mwisho kutafuta nani kamfukuza nani, na hapa hakuna aliyefukuzwa, kuna jambo la ajabu tu ambalo limeninyima raha na kunipa udadisi kwa pamoja, sijui lipi limezidi.

Lilianza hivi. Kila mwezi mpya wa kalenda ya zamani ukiingia, mimi ndiye ninayepanga matunda mbele ya picha za wazee wetu na kuwasha udi, na kama ujuavyo huwezi kuyaondoa matunda mpaka udi uteketee, kwa hiyo nakaa pale kwenye stuli na muziki wangu wa sauti ya chini, na mzee miaka yote alikuwa akishainamisha kichwa anapanda zake juu. Mwaka huu, baada ya sikukuu ya mwaka mpya, hakupanda. Alivuta kiti, akaitazama simu yangu, akauliza, "Unasikiliza nini?" Nikamwambia ni zeze la nyuzi mbili, halina mwimbaji, linafaa mtu akiwa anakunja nguo. "Na vile vitabu vyako pale kwenye ngazi, umevipanga kwa utaratibu gani?" Nikashangaa, Shangazi, kwa sababu chumbani kwa mzee hakuna kitabu hata kimoja, kuna redio, dawa za presha na kalenda ya duka la mbolea. Nikamwambia mimi sipangi kwa ukubwa wala kwa herufi, napanga kwa mtu aliyenipa, vya mama yangu vinakaa pamoja, vya rafiki yangu wa shule pamoja, na nilivyojinunulia kwa tamaa nikaacha kuvisoma viko chini kabisa vinisute nikipita. Akaitikia. Halafu akauliza, "Na chakula je? Kile ambacho hata mtu asiyejua kupika hawezi kukiharibu?" Nikamwambia mayai ya mvuke, unayapiga na supu kidogo, unayaweka kwenye chungu cha umeme, kile chenye chungu ndani ya chungu, nusu kikombe cha maji kwenye chungu cha nje, unabonyeza, swichi ikiruka umemaliza. "Nusu kikombe," akarudia polepole. "Chungu cha nje." Akaondoka.

Mwezi uliofuata akakaa tena. "Haya, mwezi huu una nini?" Na mwezi ulioufuatia huo vilevile, na daima ni yale yale matatu, kwanza muziki, kisha vitabu, kisha chakula rahisi, kwa mpangilio huohuo. Nami nikaanza kujiandaa, sikufichi, nikajikuta siku kadhaa kabla ya mwezi mpya nachagua kama mtu anayechagua zawadi, nikampa kwaya ya wanawake wa pwani ya mashariki wanaoimba bila ala, nikampa piano ya kusikiliza mvua ikinyesha, nikamwambia vitabu vilivyopata unyevu visisimamishwe vikigusa ukuta na katikati ya kurasa atie karatasi kavu, nikamwambia vya mtu aliyekufa visipandishwe rafu ya juu kama vya maonyesho, viwekwe pale ambapo mtu akikaa mkono unavifikia. Chakula nikampa tofu, ile jibini ya soya, ikiwa baridi na kitunguu cha majani, nikampa zile tambi zetu nyembamba za hapa Lukang na mafuta ya ufuta, malenge, na mwisho kuku wa tangawizi na uyoga mkavu. Yeye anarudia kila kitu kwa sauti, haandiki popote, na akikosea anarudi nyuma anaanza upya.

Udadisi ukanishika. Huyu ni mzee ambaye mkewe alipokuwa hai hakuwahi hata kujipakulia wali, alikuwa akisogeza bakuli tu na bakuli linajaa. Nikafikiri labda anajipikia nikiwa kazini, nikawa nikirudi nagusa chungu cha umeme, kikavu, kimepoa. Nikafikiri labda anasikiliza ule muziki, nikasimama chini ya ngazi kama mwizi, nikasikia bei za mboga redioni. Vitabu ndivyo vilivyonisumbua zaidi, maana mtu asiye na vitabu anapanga nini?

Sasa hapa inabidi nikuambie habari ya wifi yangu, Su-luan. Ameolewa Ruisui, kule mashariki ng'ambo ya milima, mumewe ni mkulima. Mama mkwe alikuwa msomaji, nyumba hii ilijaa vitabu vyake mpaka chini ya vitanda, na alipofariki mzee hakulia mbele yetu, ila ulipofika usafi wa kufunga mwaka alivibeba vitabu vyote vya mkewe akavipanga barabarani vichukuliwe na wakusanya karatasi. Hatukujua. Mimi nilikuwa nafuta madirisha ya nyuma. Su-luan ndiye aliyefika akakuta nusu imeshaondoka, akapiga magoti pale barabarani akawa anavikusanya kwa mikono, na baba yake amesimama mlangoni na ufagio anasema, "Vinashika vumbi tu." Akavitia kwenye maboksi ya matunda akaondoka navyo, na sikukuu ile, siku ya pili ya mwaka, siku ambayo kila binti aliyeolewa anarudi kwao na mumewe, kiti chake kilikaa kitupu na mzee akakataa kiondolewe mezani.

Na usinione mwepesi wa hasira, huyu wifi ana mambo. Tangu niolewe hajawahi kusifu chochote kilichotoka mkononi mwangu, nikipika anauliza mafuta yamekwisha dukani au yote nimeyamwaga humu, nikiweka muziki anauliza nani kafa. Nikuambie tu kwamba mzee wetu kwa sababu ya zile dawa za presha daktari alimkataza mabalungi, na Su-luan mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpokonya kipande mkononi kila sikukuu ya mwezi wa nane. Basi mwaka huu sikukuu hiyo ilipofika akatuma boksi zima la mabalungi ya Ruisui. Mabalungi, kwa baba asiyeruhusiwa kuyaonja! Akalituma kwa jina langu, dukani kwangu, nadhani kwa kuwa dukani huwa kuna mtu wa kupokea, nami nikalifunga nyuma ya pikipiki nikarudi nalo huku nikijisemea huyu dada kamsahau baba yake kiasi hiki. Wen-pin hana subira ya kumenya, kwa hiyo niliyala peke yangu, yalikuwa matamu sana, sitasema uongo, na maganda nikayachemsha na sukari nikayatia kwenye chupa, ziko kwenye friji hadi leo hakuna anayezigusa.

Siku moja mwezi wa kumi simu ya nyumbani ikalia, mzee yuko kliniki, nikapokea mimi.

"Wifi, baba yupo?"

"Kaenda kuchukua dawa. Nimwambie nini?"

"Mwambie malenge yametoka vizuri. Na mwambie vitabu vya mama nimevitoa kwenye maboksi vyote, nimevipanga kwa watu waliompa, kama alivyoniambia. Vile alivyopewa na baba viko rafu ya chini, pale ninapokaa."

Nikahisi masikio yanawaka. "Kama alivyokuambia nani?"

"Baba, nani tena? Siku hizi ana mambo huyo mzee, muziki anajua, mapishi anajua. Ungejifunza kwake, wifi, ungeacha kutukaangia kila kitu." Halafu akaongeza, "Hivi kwenye yule kuku, maji ya chungu cha nje ni nusu kikombe au kizima? Baba hakusema."

Mimi bila kufikiri nikamjibu, "Viwili, kuku anataka muda."

Akacheka. Sijui alicheka nini. Akasema, "Asante, wifi," akakata.

Shangazi, nilikaa na ile simu mkononi. Yaani mwaka mzima mtu anayesema sina ladha anakula ladha yangu, anasikiliza kwa masikio yangu, anapanga vitabu kwa akili yangu, na sifa zinakwenda kwa mtu anayejua bei za mboga. Mwezi mpya ulipoingia, udi ukiwa unawaka, nikamuuliza mzee uso kwa uso.

"Baba, yale ninayokuambia unampa Su-luan?"

Hakukana. "Nampa."

"Unamwambia ni yako?"

"Sijamwambia ni yangu."

"Umemwambia ni yangu?"

Akautazama udi. "Nikimwambia ni yako, mwanangu, mimi nitakuwa nimempigia simu kumwambia nini?"

Nilimwonea huruma na nikamkasirikia hapohapo, na hasira ikatangulia kufungua mdomo. Nikasema, "Basi mwezi huu sina kitu." Hakunibembeleza. Alikaa pale mpaka udi ukaisha, akapanda juu, na mwezi ule hakupiga simu Ruisui. Siku zikapita, Su-luan akapiga dukani, mimi nina mteja mbele yangu anajaribu fremu.

"Baba anaumwa?"

"Haumwi."

"Mbona mwezi huu kimya?"

"Sijui, wifi."

"Hujui?" Nikasikia kijiko kinagonga bakuli. "Haya. Nimekula ile tofu baridi ya kiangazi tena, kwenye baridi hii."

Jioni ile nikampelekea mzee chai, nikampa yote matatu pale mlangoni pake bila kuulizwa. Nikamsikia anapiga simu kabla sijafika chini ya ngazi, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Nilidhani yameisha. Lakini sasa Su-luan kamwambia baba yake kwamba sikukuu hii, siku ya pili, anakuja na mumewe, na anataka kula yule kuku, apikwe na baba mwenyewe kwa mikono yake. Mzee alishuka ngazi siku hiyo amekuwa mweupe. Akanisubiri nimalize kuosha vyombo, akaniambia, "Mwanangu, siku hiyo usiende kwenu. Baki jikoni ufunge mlango, upike, mimi nitatoa sahani." Siku ya pili ndiyo siku yangu pia, Shangazi. Mama yangu yuko Chiayi, miguu yake haimruhusu tena kuja huku, tangu niolewe sijakosa hata sikukuu moja na yeye huanza kuchungulia barabara kabla hata ya kifungua kinywa. Wen-pin asubuhi alisema, "Mwambie tu Su-luan ukweli, aone haya," na jioni akasema, "Ole wako umwambie, utamuua mzee kwa aibu."

Sasa nataka kujua. Nibaki nimfichie, nimuumize mama yangu? Niende, mzee aumbuke mbele ya binti aliyempata tena kwa shida? Au nimwambie wifi kwamba yote ni yangu, mara moja tu, nione sura yake, maana sikufichi kwamba hilo nalo nalitamani? Mwezi wa mwisho unaingia wiki ijayo na mzee atavuta kiti aulize mwezi huu nina nini.

Mimi,
Mkamwana wa Nyuma ya Soko, Lukang

*

Mkamwana wa Nyuma ya Soko,

Barua yako nimeisoma nikasahau chai ikapoa, nikairudia tena kuanzia pale penye boksi. Unapimia watu wa Lukang macho siku nzima, mama, halafu nyumbani kwako mwenyewe huoni kilicho mbele ya pua. Kaa chini nikuambie.

Tuanze na mzee, maana yeye ndiye mwepesi kueleweka. Umejiuliza mwaka mzima mtu asiye na vitabu anapanga nini. Anapanga vile alivyovitupa. Mzee Shih alisimama mlangoni na ufagio akamwangalia binti yake akiokota vitabu vya mama yake barabarani, na tangu siku ile anatafuta namna ya kusema samahani bila kulitamka hilo neno, kwa sababu wazee wa umri wake walifundishwa kila kitu isipokuwa hilo. Muziki ni kwa ajili ya kukohoa kidogo aanze mazungumzo. Chakula ni ili simu isiishe upesi. Alichokuwa anakijia kwako kila mwezi ni hicho cha katikati, vile vitabu vitoke kwenye maboksi, na kwa msaada wako vimetoka. Hebu soma tena ulichoniandikia mwenyewe: vile alivyopewa na baba viko rafu ya chini, pale ninapokaa. Mwanamke huyo ameshasamehe, bibi. Ulikuwa umeshika simu wakati anasamehe, wewe ukasikia habari ya kukaanga tu.

Mzee hakuiba ladha yako. Aliazima, kama anavyoazima mtu kanzu ya kwendea msibani kwa sababu hana ya kwake. Lakini simwachii hivihivi, na kama huwa analisoma gazeti hili baada ya bei za mboga, anisikie: Mzee Shih, kumwomba mke wa mwanao asiende kwa mama yake siku ya pili ya mwaka, ajifungie jikoni akupikie umwonyeshe binti yako, hapo umepotoka. Wewe uliyekitazama kiti kitupu sikukuu nzima unajua kinavyouma. Unataka kukipeleka Chiayi?

Na wewe, ile "mwezi huu sina kitu" yako haikunipendeza. Sawa, ulikuwa na haki ya kukasirika, mtu akila sifa zako unaruhusiwa kununa. Lakini ulijua vizuri ulichokuwa unakifunga, ulikuwa umeshaambiwa. Jioni uliyompelekea chai ulijirekebisha mwenyewe kabla mimi sijakuambia, kwa hiyo hilo tuliache.

Sasa wifi. Mimi mwenyewe ni wifi wa watu, najua kazi hiyo inavyofanywa. Wewe unadhani Su-luan haelewi. Huyu binti alikulia kwenye nyumba hiyo. Alimwona baba yake akisogeza bakuli likajazwa, kila siku, utoto wake wote. Mzee kama huyo akikupigia simu kutoka ng'ambo ya milima akakuambia nusu kikombe, chungu cha nje, utaamini kwamba kayazua yeye? Hata mimi nisiyemjua sikuamini. Alijua tangu mayai. Na kama alikuwa na shaka, alikutega pale pale kwenye simu, maji ni nusu au kizima, baba hakusema, na wewe ukamjibu mara moja kama mwenye chungu. Unaniuliza alicheka nini. Alicheka hicho.

Halafu mzee aliponyamaza, Su-luan alimpigia nani kuuliza mbona mwezi huu kimya? Hakumpigia baba yake. Hakumpigia kaka yake. Alikupigia wewe, dukani, mchana, akakuuliza, "Hujui?" Alikuwa anakupa mlango uingie. Ukamwambia sijui, wifi. Akabaki na tofu yake ya kiangazi.

Na yale maneno yake, kwamba umemwaga mafuta yote, kwamba nani kafa, kwamba ungejifunza kwa baba. Mawifi tunatupa maneno, ndiyo desturi yetu, tusipokutupia ndipo uogope. Alikuwa anakuchokoza useme, "Wewe, hayo ni yangu," mcheke wote wawili. Ukayabeba kama matusi ukaenda nayo nyumbani ukayahifadhi. Sikatai kwamba mengine yalikuwa makali, na kwamba kabla ya mwaka huu labda hakukupenda sana. Watu huanza hivyo. Lakini nitazame hapa.

Lile boksi.

Mwanamke aliyekuwa akimpokonya baba yake balungi mkononi kila mwaka kasahau kwamba baba yake hali balungi? Na kasahau mwaka huohuo ambao wanazungumza kila mwezi? Akalifunga boksi, akaandika jina lako, akalituma dukani kwako ambako mzee hafiki, na wewe unaniambia ni kwa sababu dukani kuna mtu wa kupokea. Hayo mabalungi yalikuwa yako, mama. Yote. Uliletewa asante nzito ukaifunga nyuma ya pikipiki ukaila yote peke yako, ukiwa umenuna. Na ukaniandikia kwamba yalikuwa matamu sana.

Kwa nini hakusema tu? Kwa sababu ileile ya kwako. Akikuambia najua ni wewe, atakuwa amemvua baba yake nguo. Mzee anajifanya ni yake, binti anajifanya anaamini, na wewe ndiye pekee kwenye nyumba hiyo uliyekuwa hujaambiwa kwamba ni mchezo, na bila wewe hauchezeki. Mimi naona ni jambo zuri sana, na nina wivu kidogo.

Basi fanya hivi.

Siku ya pili unakwenda Chiayi. Hilo silijadili. Mama yako anachungulia barabara, mpelekee huyo mtu anayemngoja, na jioni ukiweza urudi mapema umkute wifi hajaondoka, Chiayi si mwisho wa dunia.

Kuku anapikwa na mzee. Wiki zimebaki za kutosha. Mwingize jikoni, mwonyeshe kisu kinashikwaje, mwache akate tangawizi vipande vya ajabu, mwache amimine maji mwenyewe. Umetuambia chungu kinajizima chenyewe, sasa anaogopa nini? Kuku wa kwanza atakuwa na chumvi, mle na mnyamaze. Wa pili atakuwa na afadhali. Binti yake hatamhukumu kwa ladha, anataka kumwona baba yake amesimama mbele ya jiko kwa ajili yake, hata huyo kuku akiwa mbichi mfupani. Wen-pin naye badala ya kutoa fatwa mbili kwa siku aoshe vyombo, na akianza ya tatu mpe balungi amenye.

Kumwambia Su-luan kwamba yote ni yako ili uone sura yake, hapana. Sura yake uliyoitaka ilishakuja kwenye boksi. Ukimwambia sasa mbele ya mzee, utakuwa umeshinda kitu ambacho hakuna aliyekuwa anashindana nawe, na mzee hatakuwa tena na cha kupigia simu.

Lakini hujanyimwa kumjibu. Hizo chupa za maganda ziko kwenye friji bado? Usizitupe kwenye usafi wa kufunga mwaka, nyumba yenu imeshatupa vya kutosha. Mwezi ukiingia wiki ijayo, washa udi wako, ngoja mzee avute kiti. Akikuuliza mwezi huu una nini, mpe muziki wowote unaoupenda. Kwenye vitabu mwambie kwamba rafu nzuri huachwa na nafasi pembeni, kwa vile ambavyo bado vitakuja. Na kwenye chakula mwambie hiki, arudie mpaka asikosee: maganda ya balungi, yakatwe membamba, yachemshwe na sukari, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto. Naye asionje, akumbuke dawa zake.

Mzee atapanda juu apige simu Ruisui, atamwelezea binti yake habari ya maganda ya balungi kana kwamba amekuwa akiyachemsha tangu ujana wake. Mwache amalize. Su-luan ataacha kando maji na sukari, atakuwa ameshajua kwamba boksi lilimfikia mwenyewe.

Shangazi Chiu